Nyota zangu zinatoka kama punje za mchele. Niko Nakuru, nimekosea wapi?

MamaPicha_Nax · Alhamisi, 8 Januari 2026

Hamjambo humu ndani.

Mimi ni mpiga picha wa kawaida tu, wa mjini. Nina kibanda Free Area. Kazi yangu ni pasipoti, ubatizo, ruracio (sherehe za mahari) na mahafali, na kampeni zikifika nageuka kuwa mpiga picha wa mabango. Mambo ya nyota sikuwa nayo. Yalinianza ile Jumapili ya tarehe 7 Septemba, usiku mwezi ulipopatwa. Nilikuwa nimetoka kupiga ubatizo Bahati, miguu imevimba, nimeshaweka sufuria ya ugali motoni, kijana wangu akaniita kutoka nje: "Mathe, kuja uone, mwezi umeiva." Nikatoka na mwiko mkononi. Ilikuwa saa mbili u nusu na kitu, mwezi umefunikwa wote, una rangi ya chungu kilichotoka tanuruni. Ukakaa hivyo hadi karibu saa nne. Ugali uliungua. Picha niliyopiga nimeichapisha kubwa na kuitundika kibandani. Wateja wananiuliza kama ni nyanya.

Tangu siku hiyo natamani kupiga vitu vingine vya angani, hapa hapa nyuma ya nyumba. Vifaa nilivyo navyo ni vya kazi: Canon ya zamani ya megapikseli 18, lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18–55, na ile ya 50 yenye tundu kubwa la mwanga, f/1.8, ninayopigia maharusi. Stendi ya miguu mitatu ni nzito, ya video.

Juzi Jumanne nikajaribu. Nilikuwa nimetazama video ya jamaa mmoja wa Uingereza. Akasema kwanza tafuta Nyota ya Kaskazini. Nikageukia kaskazini nikaona tangi la maji la jirani na nyuma yake giza la mlima Menengai. Nyota hiyo sikuiona, na sijui hata kama nilipaswa kuiona. Akasema acha shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, wazi sekunde 30. Nikaacha, kwa lenzi ya 18. Kisha nikaweka ya 50, nikashuka hadi sekunde 15 kwa sababu picha ilikuwa inawaka nyeupe. Matokeo: nyota zote zimelala upande mmoja kama punje za pishori, na anga lenyewe rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa saa nne u nusu usiku.

Kuna duka mjini linauza darubini kwa shilingi 14,000, boksi limeandikwa 525x, yaani eti inakuza mara 525. Nichukue hiyo niifunge kwenye kamera? Ama shida ni ile taa ya usalama, mulika mwizi, ya jirani, maana imenielekea kama inanipiga picha mimi? Na kuna mtu yeyote anayefanya haya mambo huku kwetu, ama wote wako Ulaya na jangwani?

Msinicheke.

Jirani_wa_Ziwa · Alhamisi, 8 Januari 2026

Tuko, dada. Mimi niko Riat, juu ya Kisumu, kwa hivyo taa za mji ziko chini yangu na bado zinanisumbua.

Nyota ya Kaskazini achana nayo. Kimo chake juu ya upeo ni sawa na latitudo ya pale mtu aliposimama. Aliye London anaiona kama digrii 51 juu. Wewe uko theluthi moja ya digrii kusini mwa ikweta, kwa hivyo kwako imelala kwenye upeo kabisa, na Menengai imeikalia. Mimi niliagiza kutoka ng'ambo mashine ya kufuata nyota, yenye injini, na ndani yake kuna kidarubini cha kulengea hiyo nyota. Kile kidarubini hakijanifaa hata siku moja. Tena ukiilaza mashine kwa latitudo ya kwetu, inagonga mguu wa stendi. Ilibidi nikate kipande cha mbao niiinue. Basi usikimbilie kununua.

Adui yangu ni ziwa. Jioni mawingu yanajipanga upande wa maji, na mara nyingi kwangu anga hufunguka baada ya saa saba usiku, wakati mwenye kazi kesho yake ameshalala. Na ukiwasha skrini nyeupe, wadudu wa ziwani wanakuja kama wamealikwa. Kuna usiku mdudu mmoja alitua kwenye kioo cha lenzi akafia hapo. Picha 60, zote zina mguu wake.

Seremala_Maseno · Ijumaa, 9 Januari 2026

Habari ya Nakuru, Mama Picha. Mimi ni seremala. Karakana yangu haiko mbali na kile kibao cha ikweta cha Maseno ambapo wageni husimama mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, wakapigwa picha. Mwaka wa nne huu napiga nyota kwa kamera ya mtumba isiyoizidi yako. Nitaandika mengi, univumilie. Leo stima hakuna na randa ya umeme imelala.

Pesa ya darubini irudishe mfukoni. Boksi likiandikwa 525x, ujue linauzwa boksi. Bomba lenye kioo cha milimita 60 likikuza mara 120 limejitahidi sana. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Na ile miguu yake ya antena: ukipumua tu, Mshtarii inaruka kama panzi.

Chai ya maziwa si kosa la jirani peke yake. Mwezi mpevu ulikuwa Jumamosi tarehe 3. Jumanne saa nne u nusu ulikuwa umeshachomoza na bado mnono. Mashariki ya uwanja wako kuna nini, ghorofa? Basi wewe hukuuona, kamera iliuona. Giza lenyewe la mwezi ni Jumapili tarehe 18. Wikendi hiyo usipokee kazi za jioni. Taa ya jirani itundikie blanketi kwenye kamba ya nguo, kati yake na kamera, utashangaa. Taa ikikupiga kwenye lenzi moja kwa moja ndiyo inaharibu. Ikipiga ukuta wa nyuma yako unaweza kuivumilia.

Sasa mchele. Chukua baiskeli uigeuze kichwa chini, zungusha gurudumu. Karibu na ekseli mwendo ni mdogo, kwenye tairi ni mkubwa. Anga ni hivyo hivyo. Nyota ya Kaskazini iko kwenye ekseli. Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu za mshipi, yuko kwenye tairi kabisa, na kwetu anapita utosini. Yule jamaa wa Uingereza akielekeza kamera karibu na ekseli yake, sekunde 30 zinamtosha. Wewe ulielekeza kwenye tairi. Anga huzunguka digrii 1 kila dakika 4. Kwa kamera yako na lenzi ya 50, nimepiga hesabu: kila sekunde nyota inakaribia kuvuka pikseli nzima. Sekunde 15 ni pikseli kama 13. Huo ndio mchele wako.

Kwa hiyo lenzi ya 50 ipe sekunde 2.5, basi. Ya 18 ipe 10. Ile kanuni ya 500 ambayo utaisikia kila mahali, ya kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi, inakupa zaidi ya hapo, na kwa Jabari inadanganya.

Utasema sekunde mbili na nusu ataona nini mtu. Picha moja, hakuna. Ndiyo sababu unapiga 400, kamera imekaa pale pale, halafu programu inazilaza moja juu ya nyingine nyota kwa nyota. Chengachenga za picha haziko mahali pamoja kila mara, kwa hiyo zinakatana zenyewe. Picha 100 zinazipunguza mara 10; 400 zinazipunguza mara 20. Unaona kwamba mia ya kwanza ndiyo yenye faida nono. Picha 400 za sekunde 2.5 ni dakika 17 tu za shata. Piga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana, si JPEG. Ukimaliza, vika lenzi kifuniko upige nyingine 30 za giza kwa mipangilio ile ile, hapo hapo nje kwenye baridi ile ile. Programu inazitumia kufuta vile vidoa vyekundu vya kamera yenyewe. Programu ni DeepSkyStacker kama laptopu ni ya Windows, ama Siril kwa laptopu yoyote. Zote bure. Ya kukuonyesha nini kiko wapi angani ni Stellarium, bure pia.

Mipangilio: ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 1600; tundu f/2.8. Najua una 1.8 na unaionea fahari, lakini ukiifungua yote nyota za pembeni zinaota mabawa kama kumbikumbi. Fokasi izime ya otomatiki. Alama ya mwisho kwenye pete ya lenzi usiiamini. Lenga Shira, nyota ing'aayo kuliko zote, ikuze mara 10 kwenye skrini, zungusha pole pole hadi iwe tone dogo kabisa, kisha piga pete selotepu. Mimi nimepoteza usiku mzima kwa kukosa selotepu ya shilingi 30.

Ukishaonja hayo, rudi nikupe ubao. Au ngoja, nikupe sasa, stima bado.

Ng'ambo wanauita mlango wa ghala. Ni mbao mbili, bawaba moja na boliti moja. Bawaba ikilala sambamba na mhimili wa dunia, nawe ukaufungua ubao wa juu kwa mwendo wa anga, kamera iliyo juu yake inazifuata nyota. Wenzetu wa Ulaya na Marekani lazima wainue bawaba kuelekea Nyota ya Kaskazini, digrii 40, digrii 50, na hapo ndipo jasho linapowatoka. Sisi? Mhimili wa dunia kwetu umelala. Bawaba inalala kama kitanda. Weka pimamaji juu yake, kiputo kikikaa katikati, nusu ya kazi imekwisha. Siku nilipolielewa hili nilikaa chini kwenye maranda nikacheka peke yangu. Miaka yote ikweta tunasifiwa kwa mbu tu.

Nusu nyingine ni kaskazini. Dira ya simu usiiweke karibu na chuma, na kwenye karakana yangu kila kitu ni chuma, kwa hivyo mimi nilitumia kivuli. Simamisha msumari wima kwenye sakafu, chora duara kuuzunguka. Asubuhi ncha ya kivuli ikigusa duara, weka alama. Alasiri ikiligusa tena, weka ya pili. Kutoka msumarini piga mstari unaopita katikati ya alama hizo mbili: huo ni kaskazini na kusini, na hauhitaji betri.

Ubao uweke bawaba iwe upande wa magharibi, imelala juu ya mstari. Boliti inaingia kutoka chini upande wa mashariki na kusukuma ubao wa juu. Ukinyanyuka mashariki, kamera inainamia magharibi, nyota ziendako. Kati ya bawaba na boliti acha milimita 228.6, kama boliti ni ya M6, ambayo kila mzunguko inapanda milimita 1. Kwa kipimo hicho unaizungusha mara moja kila dakika. Bandika saa ya ukutani mbele yako, robo mzunguko kila sekunde 15, huku unafikiria deni la nani hujalipwa.

Hapa nilikosea na nisingependa ukosee. Nilinunua boliti kwa macho. Ilikuwa ya robo inchi, sawa na skrubu inayoshika kamera kwenye stendi. Ina nyuzi 20 kwa inchi, kila mzunguko inapanda milimita 1.27, na mimi nimeitoboa kwa 228.6. Ubao wangu ulikuwa unazipita nyota mbio. Wiki mbili nikalaumu upepo, nikalaumu bawaba, nikamlaumu kijana aliyenishikia tochi. Sasa naweka boliti juu ya rula: kwenye milimita 20 nahesabu nyuzi. Zikiwa 20 ni M6. Zikiwa 16 hivi ni ya robo inchi, na umbali wake ni milimita 290. Ukikosea milimita moja usilie, lenzi ya 50 haitakusema. Hata kaskazini ukiikosa kwa digrii nzima, kwa dakika moja nyota haisogei pikseli moja. Kwa lenzi ndefu, hapo ndipo utaanza kulia.

Jambo la mwisho: wajulishe majirani. Usiku wangu wa tatu nilikuwa shambani kwa shemeji yangu, saa tisa, nimejifunga tochi kichwani yenye karatasi nyekundu ya pipi ili macho yasipoteze giza, nimechuchumaa, nazungusha kitu, nahesabu kwa sauti. Unajua huku kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa nani. Mkimbiaji wa usiku, yaani mchawi. Waliniwashia tochi watu wanane na mawe mkononi. Kamera ndiyo iliniokoa. Niliwaonyesha Wingu la Magellan, galaksi jirani yetu, kwenye skrini, mmoja akaomba atumiwe.

Kijana_wa_Shabab · Ijumaa, 9 Januari 2026

Nimesoma yote. Swali moja tu: hii inaleta unga?

MamaPicha_Nax · Ijumaa, 9 Januari 2026

Haileti. Unga naleta kwa pasipoti. Wewe mpira wa Uingereza unakuletea?

Seremala, asante sana. Nimeandika kila kitu kwenye daftari la oda za wateja. Mashariki yangu kuna ghorofa ya orofa nne, umesema kweli, mwezi ulikuwa nyuma yake umejificha kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Sijui kama umepata kuwa polisi.

Guka_Njoro · Jumamosi, 10 Januari 2026

Mama Picha, mimi ni mzee, sina kamera ya maana, nina darubini ya mkono na ng'ombe sita. Lakini usiku wa Njoro naujua. Januari hii baridi inashuka kuanzia saa tatu, na umande unakaa kwenye kioo bila kukuambia. Utadhani mawingu yameingia, kumbe ni lenzi inatoka jasho. Mjukuu wangu anayepiga picha hufanya hivi: anachukua soksi, anaijaza mchele mkavu, anaupasha moto kwenye kikaango, anaifunga shingoni mwa lenzi kwa mpira. Inashika joto muda mzuri. Mchele ulikuaibisha, sasa ukutumikie.

Usiangalie Jabari peke yake. Mapema, kama saa mbili u nusu, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kiko juu sana upande wa kaskazini. Jina lake ni la kulima, wahenga walikipimia mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kusini utaona Suheli, nyota ing'aayo sana. Chini yake, kimo cha ngumi mbili ukinyoosha mkono, kuna doa kama moshi wa jiko: ndilo hilo Wingu la Magellan la Seremala. Kwa Ulaya halionekani kamwe. Kutoka mjini hutaliona vizuri. Ukitaka kuja huku Njoro uwanja upo, geti tunafungua, mbwa tutamfunga.

MamaPicha_Nax · Jumatano, 14 Januari 2026

Habari za maendeleo. Mbao nilipewa bure na fundi wa vitanda jirani yangu, mabaki ya msonobari. Bawaba na boliti shilingi 380. Dukani nilitoa rula kwenye mkoba nikaanza kuhesabu nyuzi, muuzaji akaniuliza kama natoka ofisi ya vipimo. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa na 16! Seremala, nilikaribia kukupigia makofi mbele ya wateja.

Mstari wa kaskazini nimeuchora uani kwa rangi ya mafuta nyeupe, saruji yote kuanzia mfereji hadi karo la kufulia. Keateka, mtunza nyumba wetu, akaja mbio. Akadhani napima ploti nigawe. Nimemweleza habari ya kivuli, akaondoka anatikisa kichwa, jioni akarudi na mke wake nimweleze tena. Watoto wameshaugeuza mstari wa kati. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi nimemjulisha kwa maandishi, na taa nyekundu nimemwonyesha.

Swali dogo: nimesikia mwezi utapatwa tena Machi. Nijiandae?

Jirani_wa_Ziwa · Jumatano, 14 Januari 2026

Tarehe 3 Machi, ndiyo, lakini si wetu. Kufunikwa kote kutakuwa kuanzia saa nane hadi saa tisa mchana kwa saa za kwetu, na mchana huo mwezi uko chini ya miguu yako. Waachie wa Pasifiki.

MamaPicha_Nax · Jumatatu, 19 Januari 2026

Jamani.

Jumamosi tarehe 17 nilianza saa mbili bila ubao, kama Seremala alivyoagiza. Blanketi mbili na leso ya mama mkwe kwenye kamba ya nguo, mulika mwizi ikabaki inang'arisha maua ya leso. Lenzi ya 50, f/2.8, sekunde 2.5. Nikawa nabonyeza waya wa shata huku nahesabu, nikafika 212. Kwenye skrini hakuna kitu, nyota kidogo na weusi uliochanganyika na machungwa. Moyo ukaanza kunishuka.

Saa tatu na dakika kumi stima ikapotea.

Mtaa mzima ukasema "aaah!" kwa sauti moja. Mulika mwizi ikazima. Mimi nilikuwa uani nimelala chali kwenye mkeka, na anga likashuka. Sijui niseme vipi. Nimekaa Free Area miaka kumi na moja na sikujua kwamba pale juu ya karo la kufulia kuna vitu vyote hivyo. Kijana wangu akatoka na mshumaa, nikamfokea auzime, akauzima, halafu hatukuongea kwa muda.

Nikaleta ubao. Bawaba kwenye mstari, pimamaji la kuazima, kiputo katikati. Jabari alikuwa karibu na utosi. Kijana akashika saa, mimi nikashika boliti. Nilishuka ISO 800, dakika nzima kwa kila picha. Kumi, nikarudisha boliti chini, kumi nyingine, nikarudisha, kumi tena. Picha ya nne ya raundi ya pili nilipiga chafya. Kwa jumla 9 zimeharibika kwa mkono wangu mwenyewe: ninaposukuma boliti badala ya kuizungusha, nyota zinakuwa na mkia mdogo kama kiluwiluwi. Zilibaki 21, na nyota zake ni tone. Tone! Si mchele, si dengu, tone.

Soksi ya mchele ilifanya kazi, Guka, ila paka wa jirani alikuja kulala juu yake.

Stima ilirudi saa nne na dakika 25, kwa hiyo nilikuwa na saa moja na robo. Laptopu haikuwa na chaji, ikabidi ningoje hadi Jumapili baada ya kanisa. Nimezipitisha kwenye Siril. Chini ya mshipi wa Jabari, pale penye upanga, kuna wingu la rangi ya waridi lenye umbo la kipepeo aliyefunga mabawa nusu, na katikati yake peupe sana, nadhani nimeliunguza. Ni dogo, kwenye picha nzima ni kama ukucha, lakini ukilikuza lina kingo, lina sehemu nyeusi inayoingia kama ghuba. Nimesoma kwamba mwanga huo uliondoka kule zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Kijana akasema, "Kwa hivyo hii ni picha ya zamani." Mimi natengeneza picha za zamani kila siku, watu wananiletea za babu zao zilizokunjamana. Hii sijui nitoze ngapi.

Mambo mawili bado. Picha moja ina mstari mwembamba mrefu kutoka kona hadi kona, uko kwenye hiyo moja tu. Pili, boliti inalia kwiii kila ikizunguka, mwenyekiti wa Nyumba Kumi akauliza kama tunasaga mahindi usiku.

Seremala_Maseno · Jumatatu, 19 Januari 2026

Nimeikuza hadi macho yakauma. Hongera, Mama Picha. Hiyo ghuba nyeusi ni vumbi lililosimama mbele ya wingu. Katikati peupe ni kwa sababu pale pana mwanga mwingi mno. Mara nyingine piga pia 20 za sekunde 5, uchukue katikati kutoka kwa hizo. Na usishangae kwamba wekundu mwingine wa Jabari haujatoka. Kamera za kawaida zina kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. Wako wanaokitoa. Hiyo ni kamera yako ya unga, usiifungue.

Mstari ni setilaiti. Usiifute hiyo picha. Kwenye Siril, unapozilaza chagua ile njia ya kukataa pikseli zinazojitenga na wenzake, itaukata mstari peke yake na kukuachia nyota.

Boliti ipake mshumaa. Wa kawaida, ule ule uliofanya umfokee kijana. Grisi usiweke, kwenye baridi ya huko kwenu inakuwa nzito na itakuvutia ubao. Giza lingine la mwezi ni tarehe 17 Februari, na Guka ameshasema mbwa atafungwa.